Rejeta ya Chumba cha Senje

Leeds, Uingereza
12 Juni 2004

Mwanangu Valarie,

Leo ni tarehe kumi na mbili Juni, mwaka wa elfu mbili na nne. Nimekaa ughaibuni miaka thelathini na mitatu, na barua yako ndiyo ya kwanza kunifikia kutoka nyumbani tangu miaka ile ya mwanzo.

Nakusalimu wewe, mume wako Quincy na watoto. Mimi ni mzima isipokuwa magoti. Nilistaafu mwaka jana katika kazi ya kutengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto, kazi ambayo sikuiendea huku, lakini ndiyo iliyonilisha. Siku hizi nasoma, natembea hadi maktaba na kurudi.

Yule kijana Nthiwa, mpangaji wa chumba cha chini, alipokwenda likizo Nairobi nilimwomba tu apeleke jina langu katika kanisa letu la Kangemi, kama bado lipo. Sikutegemea jibu. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni na koti mwilini. Nilipofika mahali ulipoandika kwamba baba yako alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita, niliirudia sentensi hiyo kama mtu anayehesabu upya chenji. Ndugu yangu mdogo. Kila mwaka nilikuwa nikimwongezea mvi kichwani mwangu kwa kadiri nilivyoongeza zangu, ili nikimkuta nisimshangae. Niliandika kwenu kupitia sanduku la posta la kanisa mpaka nikachoka kuandikia ukimya. Basi hayo tutayazungumza ana kwa ana, kwa maana nakusudia kuja Desemba.

Umenipa habari kwamba dada yangu Milcah yu hai, na kwamba mnaishi naye. Nilikaa chini hapo. Wewe unamwita Senje, kama sisi Wamaragoli tunavyomwita dada ya baba. Lakini ukurasa mzima wa habari zake haukuwa na neno lake hata moja. Je, alisemaje aliposikia jina langu? Umeniomba nisipige simu, kwamba mtandao ni mbaya hapo Muthangari. Nimekubali, ingawa Nthiwa anasema akiwa Nairobi alipiga simu hata akiwa ndani ya choo.

Sasa lile ulilolitaja mwishoni. Umesema Quincy anailinda hiyo nyumba ya zamani mpaka mwenyewe, Bwana Kiragu, apate mnunuzi. Kwamba mzungu aliyeijenga aliweka boila ya kuni nyuma ya jikoni na rejeta katika kila chumba. Na kwamba mmeuwasha mtambo huo kwa sababu Senje aliugua nimonia mwaka jana na daktari amesema baridi ya Julai nyingine itamwua. Rejeta zote zinapata moto isipokuwa ya chumba chake. Ukauliza kama najua lolote. Mwanangu, umeniuliza jambo pekee ninalolijua kwa hakika.

Rejeta ya nyumba ni kitu rahisi. Maji ya moto huingia upande mmoja, hupoa yakitoa joto, hutokea upande wa pili na kurudi kwenye boila. Boila ikiwaka, iguseni hiyo rejeta mbovu kwa mgongo wa mkono. Chini kukiwa na vuguvugu na juu baridi, kuna hewa imekwama ndani. Juu pembeni mtaona skrubu yenye kichwa cha pembe nne. Shikeni kitambaa, izungusheni taratibu kwa ufunguo wake, hewa itatoka ikipiga mluzi. Maji yakianza kutoka, fungeni. Itapata moto.

Msalimie dada yangu. Mwambie mimi ndiye Zadock yule yule.

Baba yako mkubwa,
Zadock

*

Muthangari, Nairobi
8 Julai 2004

Kwa Baba Mkubwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Watoto wanaendelea vizuri, mdogo ameng'oka jino la mbele na hataki kucheka. Quincy anakushukuru. Baridi ya mwaka huu ni kali, hata jua la saa sita halionekani, na watu wa Kangemi wanauza mitumba ya makoti zaidi kuliko ya mashati.

Ule ufunguo wa pembe nne ulitusumbua. Quincy alishuka hadi Kirinyaga Road, kwa wauza spea, akaomba ufunguo wa rejeta. Wakamwuliza ni ya gari gani. Akasema si ya gari, ni ya nyumba. Yule jamaa wa kaunta akawaita wenzake. "Mkubwa, hiyo nyumba ilichemkia wapi, ikipanda Limuru? Ilete hapa tufungue boneti." Walimcheka mpaka akarudi na mikono mitupu. Mwishowe fundi mmoja wa jua kali hapa Kangemi alichukua kipande cha chuma, akakitoboa na kukipiga tupa, kikakaa sawasawa.

Ilikuwa kama ulivyosema. Hewa ilipiga mluzi muda mrefu, halafu yakatoka maji meusi kama chai ya turungi. Baada ya saa moja rejeta ilikuwa moto hadi juu. Nilifurahi nikaita watu wote waje waguse. Lakini kesho yake asubuhi ilikuwa baridi tena kama jiwe. Quincy alifungua skrubu, hakuna hewa, ni maji tu. Tumekwama, Baba Mkubwa. Jioni tunamwekea Senje jiko la makaa chumbani.

Yeye anaendelea. Anakohoa, lakini anaendelea.

Kuhusu Desemba, tutazungumza. Desemba ni mbali.

Mtoto wako,
Valarie

*

Leeds
30 Julai 2004

Mwanangu Valarie,

Salamu kwenu, na pole kwa mwenye pengo. Mwambie mimi nimeng'oka mengi kuliko yeye na nacheka. Quincy namwonea huruma kwa yaliyompata Kirinyaga Road. Nilikuwa nikipita hapo kila siku nikienda kazini, na dhihaka zao nazijua.

Kwanza kabisa: liondoeni hilo jiko la makaa. Moshi wake usioonekana huua watu usingizini, nao hufa bila hata kukohoa. Katika kazi yangu niliingia nyumba mbili za namna hiyo nikiwa na polisi. Asilale nalo hata siku moja, hata dirisha likiwa wazi.

Sasa rejeta. Iliyopata moto jana na kupoa leo haina hewa. Ina mlango uliofungwa. Kila rejeta ina koki mbili. Ya kwanza ina gurudumu la kuzungusha kwa mkono, ndiyo ya kufungulia maji. Ya pili iko upande ule mwingine, chini, imefunikwa kofia ya shaba. Hiyo ni ya fundi: huipima mara moja siku mtambo unapofungwa, akaivika kofia, na haiguswi tena mpaka nyumba ibomolewe. Angalieni ya kwanza. Koki za umri huo huganda. Ikiwa nzima, ndipo mtoe kofia ya ile ya pili, na kwa spana mwone kama iko wazi.

Nimekuwekea picha yangu, niliyopigwa mwezi huu mbele ya mlango wangu. Mpe Senje. Mimi nilipoondoka alinisindikiza hadi Embakasi amevaa viatu vya kuazima, vikimbana, akaniambia nisigeuke nyuma nikipanda ndege kwa sababu alitaka kuvivua. Muulize kama anakumbuka. Umemsomea barua zangu? Nimekuuliza anasemaje, ukanijibu kwamba anakohoa.

Nimelipia tikiti. Nitafika Nairobi tarehe kumi na nne Desemba.

Wako,
Zadock

*

Muthangari
29 Agosti 2004

Kwa Baba Mkubwa,

Pokea salamu zetu. Tumepata mvua kidogo. Quincy amepata kibarua cha siku tatu kwa wiki huko Kinoo, na kuni tunanunua huko huko kwa sababu ni rahisi. Jiko la makaa nililitoa siku ile ile barua ilipofika.

Barua yako nilimsomea Quincy kwa sauti pale sebuleni, ili ashike maagizo vizuri. Koki ya gurudumu tuliikuta imefungwa kabisa. Haikuwa imeganda, ilikuwa imefungwa. Nilidhani ni watoto, nikawagombeza, wakalia. Quincy aliifungua, rejeta ikapata moto, naye akaling'oa lile gurudumu akalitia mfukoni. Alisema, "Sasa tuone huyo mchezaji atashika wapi."

Ilikaa moto siku mbili. Siku ya tatu ikawa baridi. Tulitoa ile kofia ya shaba upande wa pili. Koki ya fundi, ile uliyosema haiguswi mpaka nyumba ibomolewe, ilikuwa imekazwa hadi mwisho, na shaba ilikuwa na mikwaruzo mipya. Quincy aliifungua. Baada ya siku mbili ikafungwa tena. Watoto hawana nguvu hizo.

Nakuuliza wewe uliyefanya kazi hii maisha yako yote. Je, koki inaweza kujifunga yenyewe? Kwa sababu ya moto, labda, au ya uzee wa mtambo?

Picha imefika. Tumeihifadhi.

Baba Mkubwa, naomba usikasirike. Hiyo tikiti inaweza kusogezwa mbele?

Valarie

*

Leeds
18 Septemba 2004

Valarie,

Natumaini nyote ni wazima. Leo sina salamu ndefu.

Koki haijifungi. Huganda, huvuja, huvunjika, lakini haijifungi, na haijivui kofia yake ya shaba na kuivaa tena. Nimekaa na swali lako kwa siku kadhaa nikitafuta namna ya kukukubalia, kwa kuwa nimeona ulivyotamani nikukubalie, nami sikuipata. Kuna mtu mzima ndani ya nyumba hiyo anayechukua chombo, anapiga magoti, na kuuzima moto wa mgonjwa. Aliisikia barua yangu ikisomwa na akafuata maelekezo yangu barabara, ila kwa kinyume. Ninyi watu wazima mko watatu, na mmoja wenu ndiye mwenye chumba.

Nimezipanga barua zako mezani. Hakuna hata moja yenye salamu za Milcah. Umenizuia simu. Picha "mmeihifadhi". Tikiti unataka isogezwe. Kila nikimtaja dada yangu unazunguka kando kama mtu apitaye karibu na shimo analolijua.

Niambie kuna nini. Mimi ni mzee, nimesikia mengi. Niambie.

Zadock

*

Muthangari
17 Oktoba 2004

Kwa Baba Mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima. Watoto na Quincy wanakusalimu. Barua hii nimeianza mara nyingi, na leo nimekuja kuiandikia mjini, kwenye benchi nje ya Maktaba ya McMillan, ili nisiiandike ndani ya nyumba ile.

Ni Senje. Nilimkuta mwenyewe, siku ya Jumanne niliporudi kutoka sokoni mapema. Alikuwa amepiga magoti sakafuni na koleo la Quincy mkononi, jasho linamtoka, kikohozi kinamtikisa. Hakushtuka kuniona. Nilimshika nikamketisha kitandani, nikamwuliza ni kwa nini anajiua kwa baridi huku sisi tunahangaika.

Akasema, "Huu moto mmeutoa kwa nani?"

Nikamwambia anajua, ni Baba Mkubwa Zadock aliyetufundisha.

"Basi siuoti. Zadock nilimzika mimi."

Baba Mkubwa, nisamehe. Nilikuwa na miaka minane na nilikuwepo. Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu, Agosti, shule zimefungwa, tuko kijijini. Nyanya alikuwa amelazwa, anakufa, na alikataa kufa. Alisema hawezi kuondoka na kuacha mtoto asiyejulikana yuko wapi, kwamba mtu wa hivyo hubaki akizunguka boma akiomba mahali pa kulala, na watoto wa ndugu zake ndio humwona. Hapakuwa na barua yako kwa miaka mingi. Wazee wakakaa. Wakakata mgomba nyuma ya jikoni uwe badala ya mwili wako, wakaufunga kwa koti lako la shule na blanketi jipya, na kaburi likachimbwa upande wa kushoto wa nyumba, mahali pa mwana wa kiume. Mchungaji alikataa kuingia. Alisema hawezi kuombea mgomba, lakini alisimama nje ya ua akasoma Zaburi mpaka mwisho, na watu wakasema amina. Baba yangu alikuwa Nairobi, alichelewa kufika. Kwa hiyo aliyetupa udongo wa kwanza ni Senje. Walilia vilio vya kweli. Nilikula nyama. Nyanya alifariki wiki iliyofuata, ametulia. Pana msalaba wenye jina lako. Niliupita tulipomzika baba.

Ndipo mwaka huu Nthiwa akasimama kanisani akasoma jina lako. Nilikimbia nyumbani kumwambia Senje nikidhani atapiga vigelegele. Alikaa chini. Alisema, "Usimjibu." Mimi nilikujibu. Nilidhani atazoea.

Hakuwa na hasira nilipomkuta na koleo. Aliongea polepole kama anayemweleza mtoto. Alisema rejeta ilianza kunguruma ndani ya ukuta wiki ile ile barua yako ya kwanza ilipofika, akajua. Nikamweleza ni hewa, kama ulivyoandika. Akasema, "Hewa. Na hiyo hewa ilingoja barua?" Halafu akanishika mkono. "Valarie, mimi namwamini Yesu. Lakini mkono huu ulimtupia udongo. Nikiota moto wake nimekubali kwamba amerudi. Na akirudi akaingia kwa mlango ninaoutumia mimi, mmoja wetu lazima atoke. Yeye atakuja na ndege. Mimi nitatoka na nini?"

Nilikwenda kwa mzee mmoja wa kwetu hapa Kangemi kuuliza kama kuna njia. Alisema ipo. Utachinjiwa kondoo dume, utaingia kwa tundu lililovunjwa nyuma ya nyumba, kaburi litafukuliwa, na aliyekuzika asikuone kwa uso mpaka atakapokufa yeye. Nikamwambia Senje. Alicheka, akakohoa, akasema, "Kwa hiyo atavuka bahari aje kuniona, na sheria ni nisimwone."

Tumempeleka hospitali mara mbili tangu Agosti. Daktari anatugombeza, anauliza kama kweli chumba kina joto. Naona aibu. Quincy anataka kumfungia vifaa sandukuni, lakini atatafuta kisu. Tulijaribu kumhamishia chumba chetu, akalala kwenye korido, kwa sababu moto wote wa nyumba hii ni ule ule.

Sijui nifanye nini. Wewe ni mkubwa wetu. Sikukwambia tangu mwanzo kwa sababu mtu hawezi kumwandikia mtu kitu kama hiki katika barua ya kwanza, na baadaye ikawa vigumu zaidi.

Mtoto wako,
Valarie

*

Leeds
8 Novemba 2004

Mwanangu Valarie,

Wewe, Quincy, watoto na dada yangu, nawasalimu. Nimepata barua yako Alhamisi. Niliisomea ngazini, na Nthiwa aliporudi kutoka chuoni alinikuta bado hapo, akadhani nimeanguka. Nilimwambia nimepata habari za msiba. Akauliza wa nani. Nilikunja barua nikaitia mfukoni, akanipa pole tu, nikaipokea.

Sikukasirika. Wala usijilaumu. Nimejaribu kukumbuka nilikuwa wapi Agosti hiyo, na nadhani ninajua: nilikuwa kwenye mtaa wa nyumba mpya, chini ya sakafu, nikiunganisha mabomba. Mama yangu anaulilia mgomba uliovaa koti langu, na mimi nalaza mabomba kwenye nyumba ya mtu nisiyemjua. Kwa siku nne sijaweza kuyaweka mambo haya mawili katika siku moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Kwamba mmenisahau, kwamba shamba limeuzwa, kwamba watu wote wamekufa. Sikujiandaa kusikia kwamba nilililiwa. Mwanzoni hilo lilinifariji, halafu likanitisha, na bado linanitisha. Nimejiangalia kwenye kioo cha bafuni kama mtu anayekagua mali ya mwingine.

Ningeweza kubishana na Milcah. Nimesoma vya kutosha. Ningeandika kurasa kumi kuhusu hewa na maji na kwa nini bomba hunguruma, na zote zingekuwa kweli. Lakini sentensi yake moja nimeshindwa kuijibu. Nitavuka bahari nije kumwona, na sheria ni asinione. Na nikikataa sheria, nikaingia kwa mlango, nitamwona akikohoa na kuhesabu siku zake kwa sababu ya miguu yangu. Wala sitaki mama yangu afukuliwe amani yake. Alikufa akijua niliko. Ni wangapi wanapata hilo?

Kwa hiyo sikiliza, na ufanye kwa mpangilio huu.

Usimsomee barua hii. Msimsomee nyingine yoyote yangu. Picha ichome, au mrudishie Nthiwa akija. Keti naye mchana, akiwa amekunywa chai, umwambie maneno haya: kwamba kuni zimetoka Kinoo, Quincy amezibeba mabegani mwake, kwamba maji ni ya Nairobi, kwamba chuma kiliwekwa na mzungu kabla hujazaliwa, kwamba katika moto huo hakuna kitu cha Zadock hata kimoja. Mwambie aliyezikwa amebaki alikozikwa. Mwambie tikiti imerudishwa, na hilo si uongo, nimeirudisha leo asubuhi na risiti iko mbele yangu.

Akikubali, Quincy aifungue koki ya fundi mbele ya macho yake. Kutoka pale ilipofungwa, azungushe mzunguko mmoja na nusu kinyume cha saa, asizidishe, la sivyo vyumba vingine vitapoa. Aivike kofia. Kisha mwache Senje mwenyewe aweke mkono.

Kaburi liacheni kama lilivyo. Likiota majani, Quincy ayang'oe anapopita.

Wewe niandikie ukipenda, kupitia kwa Nthiwa, unieleze kama anakohoa. Usiniandikie kuhusu kingine.

Sitarudi Kenya. Si Desemba hii, wala Desemba nyingine.

Zadock